Staji za uchumi ziombwe tukiwa bado darasani

Ndugu Mhariri,

Katika barua za wasomaji mlizochapisha hivi karibuni, mzazi mmoja alilalamika kwamba vijana wetu waliosoma uchumi hawapati staji, yaani mafunzo ya muda kazini, katika mashirika ya kimataifa ya maendeleo kwa sababu hawana mtu wa kuwashika mkono. Sikatai kwamba kujuana kupo. Anayeishi Lubumbashi akakana jambo hilo atachekwa hadi Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Hata hivyo, kazi yangu ni kuwasimamia wanafunzi wa uchumi katika kazi zao za mwisho wa masomo, na kila mwaka huletewa barua zao za maombi nizisome kabla hazijatumwa. Ninachokiona ni kwamba wengi huangukia mlangoni, kabla hajapatikana hata mtu wa kuuliza wao ni wana wa nani.

Kinachowaangusha zaidi ni wakati. Kwetu kijana humaliza masomo, akasubiri diploma, ndipo akaanza kutafuta staji, akiichukulia kuwa mwanzo wa ajira, ilhali mashirika haya huihesabu kuwa sehemu ya masomo. Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa hupokea aliye katika mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, anayesomea masta au udaktari, au aliyekwisha kuhitimu, mradi staji ianze kabla ya mwaka mmoja kupita tangu ahitimu. Benki ya Dunia kwa desturi imewataka wenye shahada ya kwanza ambao tayari wameandikishwa katika masomo ya juu zaidi, na Shirika la Fedha la Kimataifa (FMI) nalo hulenga wanafunzi wa masta na udaktari. Sasa chukua mwaka wa masomo uliochelewa kwa migomo, utetezi wa kazi ya mwisho wa masomo uliosogezwa mara kwa mara, na karatasi ya alama inayosubiri saini ya mkubwa aliyesafiri kwenda Kinshasa: ule mwaka mmoja utaisha kijana akiwa bado amekaa kwenye benchi la ofisi ya fakalte (kitivo), bahasha mkononi.

Wale wa mfumo wa zamani wana tatizo lao la ziada. Walisoma miaka 3 ya gradua, ile shahada ya awali, na 2 ya lisansi, yaani miaka 5, wakati lisansi ya LMD, mfumo mpya wa lisansi, masta na udaktari, ni ya miaka 3 kama ilivyo Ufaransa. Mtu wa Washington au Geneva anayepitia mamia ya maombi kwa siku hana muda wa kuchunguza historia ya vyuo vya Kongo. Ataona neno lisansi, atahesabu miaka 3 na kuendelea. Ni heri mwombaji aandike idadi ya miaka waziwazi na kuambatanisha barua ya fakalte inayoeleza jambo hilo.

Tukija kwenye barua ya motisha, ile ya kueleza kwa nini unaomba nafasi, hapo ndipo nasikitika zaidi, kwa kuwa vijana wetu wana mali wasiyoionyesha. Mwanafunzi mmoja alifuatilia bei ya mfuko wa unga wa mahindi wa kilo 25 katika soko la Kenya, hapa hapa mjini, wiki baada ya wiki, kabla na baada ya ukame uliolifanya taifa la Zambia litangaze janga mwaka 2024. Alikuwa na daftari lenye bei za wauzaji wa rejareja, kiwango cha kubadilisha faranga kwa dola siku ile ile, na maelezo ya foleni za malori mpakani. Barua yake ilianza hivi: "Mimi ni kijana mwenye ari, mchapakazi na niliye tayari kufanya kazi katika hali yoyote." Hakuna neno hata moja kuhusu unga! Katika nchi ambayo haijafanya sensa kamili ya watu tangu mwaka 1984, takwimu zilizokusanywa kwa miguu na kuandikwa kwa uangalifu si kitu kidogo, na mchumi yeyote anayeshughulikia eneo letu angependa kuziona. Nilimwambia afute aya nzima ya kwanza, aanze na daftari.

Suala la fedha nalo tusilifiche. Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa haiwalipi wanastaji wake. Nauli, viza, bima na malazi ni juu ya mwombaji. Mwaka 2015 kijana wa New Zealand aliyekuwa akifanya staji katika Umoja wa Mataifa mjini Geneva alionekana akilala katika hema kando ya ziwa, na dunia nzima ikazungumza. Ikiwa mtoto wa New Zealand alifikia hapo, sijui wa Kamalondo, mtaa wa hapa Lubumbashi, afanye nini, naye hata viza ya Marekani hawezi kuiomba bila kwanza kupanda ndege hadi Kinshasa. Kwa sababu hiyo huwaelekeza wanafunzi wangu kwanza kwenye Benki ya Maendeleo ya Afrika (BAD) iliyoko Abidjan, ambayo hutoa posho, hupokea raia wa nchi wanachama, Kongo ikiwemo, na hufanya kazi kwa Kifaransa na Kiingereza. Shirika la Kazi Duniani pia hulipa posho.

Na anayekutumia ujumbe wa WhatsApp akidai "ada ya faili" ili akupatie staji Umoja wa Mataifa ni tapeli. Umoja huo hautozi pesa katika hatua yoyote ya maombi.

Ombi langu kwa fakalte zetu za uchumi ni dogo: siku matokeo ya mwaka kabla ya ule wa mwisho yanapotangazwa, kila mwanafunzi apewe karatasi ya alama iliyosainiwa, kwa Kifaransa na Kiingereza, yenye idadi ya miaka ya masomo. Nanyi gazetini, tafadhali mtenge safu ndogo ya matangazo ya staji kuanzia mwezi wa kumi, maana baadhi ya zile zinazoanza katikati ya mwaka hufungwa kabla wanafunzi hawajarudi kutoka likizo ya Noeli.

Mwalimu msaidizi wa uchumi,
Lubumbashi