Kijana anaomba udaktari, chuoni aliwahi kuadhibiwa, baba yake anataka afiche na amegoma kulipa

Anti, habari za kazi. Na nyie wasomaji wenzangu hasa mliopo huku Marekani ambao watoto wenu wamepita njia ya udaktari, naombeni mnisome mpaka mwisho maana jambo limeshafika pabaya, mimi na baba watoto sasa ivi tunaongea kwa kupitia watoto, "mwambie baba yako chakula kipo mezani", ndo tulipofikia.

Tunaishi Maryland, tulikuja kwa ile green card ya bahati nasibu kijana wetu wa kwanza akiwa bado shule ya msingi. Mzee anaendesha lori, mimi nafanya kwenye nyumba ya wazee, naogesha, nageuza, napima presha, naandika. Kijana amemaliza chuo mwaka jana, kasoma biolojia, GPA yake 3.7 kati ya 4, MCAT kapata 512 (ule mtihani wa kuombea udaktari, alama zake zinaanzia 472 zinaishia 528 kwahiyo kafanya vizuri tu), amejitolea hospitali, barua za maprofesa anazo. Kanisani wanamwita dokta tayari, na mama mkwe huko Moshi alishatangaza ukoo mzima.

Tatizo limeanza kwenye kujaza fomu. Kwa wasiojua, huku huendi chuo kimoja kimoja, vyuo vingi vya udaktari vinapokea maombi kwa mfumo mmoja unaitwa AMCAS, unajaza mara moja alafu unachagua vyuo unavyotaka. Sasa ndani ya ile fomu kuna swali linauliza kama chuo chochote ulichosoma kiliwahi kukuchukulia hatua kwa ajili ya masomo au mwenendo. Na wamelifunga kila upande, wameandika ujibu ndiyo hata kama hatua yenyewe haionekani kwenye transkripti (karatasi ya matokeo ya chuo), hata kama ilishafutwa. Ukijibu ndiyo kinafunguka kiboksi cha kujieleza, herufi 1,325 ukihesabu na nafasi za katikati, basi, hapo ndo umalize maisha yako yote.

Mtoto akatuita sebuleni usiku mmoja akasema kuna kitu hamkijui. Mimi moyo ukaenda mbio nikajua kapa mtu mimba.

Kumbe ni hivi. Mwaka wa pili, kozi ya kemia ile ya ogani ambayo inawatoa watoto wengi machozi, walikuwa na kazi ya maabara ya kusafisha asidi ya benzoiki, unaiyeyusha kwenye maji ya moto, unaiacha ipoe ijigandishe upya, alafu unapima inayeyuka kwenye joto gani ili ujue ni safi au la. Mwenzake waliekuwa wanakaa chumba kimoja alikuwa amechelewa na ripoti, usiku akamwomba "nitumie yako nione tu jedwali linakaaje". Mwanangu akamtumia, akalala. Yule mtoto akabadilisha maneno mawili matatu akaituma. Wakanaswaje? Ile asidi inatakiwa iyeyuke kwenye nyuzi 122, mwanangu alikosea kuandika akaweka 112, na kwenye ripoti ya mwenzake 112 ipo hapo hapo kwenye mstari ule ule, na maelezo yale yale ya kwanini namba imekuwa ndogo. Profesa hakuhitaji hata programu ya kukagua.

Wote wawili wakaitwa na ofisi ya nidhamu ya wanafunzi. Mwanangu akasema ukweli kwamba ripoti ni yake na aliituma yeye. Akafikiri itamsaidia, lakini kwa sheria za chuo chao kumpa mwenzio kazi akaiiba nako ni kosa, wanaita kusaidia udanganyifu. Akapewa sifuri ya ile ripoti, akawekwa chini ya uangalizi mpaka mwisho wa semista na akasomeshwa kakozi ka maadili ka mtandaoni. Yule mwenzake alipewa adhabu kubwa zaidi, akahamia mambo ya biashara, huko hakuna anaemuuliza kitu mpaka leo. Kwenye transkripti ya mwanangu hakuna lolote, ni C+ tu ya ile kozi imekaa peke yake katikati ya A na B. Ila faili lipo ofisini.

Baba yake alisikiliza mpaka mwisho alafu akacheka, yaani akacheka kabisa. Akasema hili ndo la kutuitia kikao? Yeye kasoma bodingi miaka ile kitabu kimoja wanafunzi kumi, ukimnyima mwenzako daftari bweni zima linakuona mchoyo, wamefaulu kwa kupeana madesa na wengine leo ni wakurugenzi. Kwake yeye mtoto alifanya utu. Na kwa kuwa transkripti ni safi basi ajibu hapana aendelee na maisha, kwanini umwage mtama kwenye kuku wengi? Kila mwaka waombaji ni zaidi ya elfu 50 na wanaopata nafasi ni kama elfu 23, hao wasomaji wa fomu wanatafuta sababu ya kumtoa mtu, na wewe unawapelekea sababu mkononi.

Kwa kweli siwezi kusema Mzee hana hoja. Hiyo hesabu ya elfu 50 hata mimi inaninyima usingizi.

Lakini kijana alishaongea na yule mshauri wa wanafunzi wa udaktari pale chuoni, akamwambia asijaribu. Kwanza chuo chao kinatoa barua ya kamati, yaani barua ya chuo chenyewe ya kumpendekeza mwanafunzi, kwa wanaoomba udaktari na kabla ya kuiandika wanauliza ofisi ya nidhamu. Pili kuna vyuo vya udaktari ambavyo ukishakubaliwa vinaomba barua kutoka kwa mkuu wa wanafunzi kuthibitisha kama uliwahi kuwa na kesi. Ikionekana ulijibu hapana, wale AAMC wenye mfumo wanafanya uchunguzi na ripoti inaenda kwenye vyuo ulivyoomba, nafasi unaweza kunyang'anywa hata kama ulishalipa amana. Yaani kosa la ripoti ya maabara ya mtoto wa miaka 19 linageuka kuwa uongo wa mtu mzima wa miaka 23, na huo hauelezeki kwenye herufi 1,325. Mzee anajibu basi asichukue hiyo barua ya kamati, achukue za maprofesa mmoja mmoja. Unaona anavyokwenda? Kila mlango ukifungwa anatafuta dirisha.

Alafu mimi nina sababu yangu ambayo Mzee hataki kuisikia kwa sababu anasema kazi yangu sio udaktari. Kazini kulikuwa na dada mmoja shifti ya usiku, mcheshi, wazee wanampenda. Siku moja akaandika kwenye kompyuta presha ya bibi mmoja saa kumi na mbili asubuhi, 128 kwa 74, kila kitu kizuri. Yule bibi alikuwa ameshachukuliwa na ambulensi tangu saa tisa usiku, kitanda kipo kitupu shuka limetolewa. Kumbe dada alikuwa anajaza za korido nzima bila kuzunguka. Bibi alirudi mzima wiki iliyofuata lakini dada hakumkuta, maana nesi mkuu alisema sasa nitajuaje zile zingine zote alizoandika tangu aanze kazi. Mimi nilikuwa nimesimama pale na glavu mkononi. Kwahiyo nikiona hilo swali kwenye fomu naelewa kabisa wanatafuta nini, hawa ni watu ambao siku moja wataandika namba na mtu mwingine atachoma sindano kwa kuiamini hiyo namba.

Kwahiyo kwenye hilo la kujibu ndiyo mimi nimeshaamua na mtoto ameshaamua, siombi ushauri hapo (labda mnishangaze). Ninachoomba ni haya mengine.

La kwanza ni hiki kiboksi. Kijana ameandika mara nyingi na kila akimaliza ananisomea nikiwa natoka shifti. Ya mwanzo ilikuwa yote ni "mwenzangu alinidanganya, mwenzangu aliniahidi", nikamwambia hapa unaonekana bado una kinyongo. Akaandika nyingine anajuta kila sentensi, anaomba radhi mpaka kwa profesa wa mwaka wa kwanza ambae hahusiki, ukiisoma unadhani kaua mtu. Mshauri wake anamwambia aseme nini kilitokea, adhabu ilikuwa nini, amebadilika wapi, na asimlaumu mtu. Sawa, lakini kama hasemi kwamba aliyenakili ni mwenzake, msomaji si atajua yeye ndo aliyenakili? Mimi naona kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyetuma na mtu aliyeiba, na tofauti hiyo ni haki yake aiseme. Sasa mtu anaisemaje bila kuonekana analalamika? Nimemwambia atumie lile jina la kosa kama lilivyo kwenye barua ya chuo, kusaidia udanganyifu, linajieleza lenyewe, na sentensi moja tu kwamba alituma ripoti yake kwa mwenzake, asonge mbele. Mshauri hajalijibu hilo bado. Wenye uzoefu mnasemaje? Na sehemu ya "nimebadilika wapi" aweke nini, maana tangu hapo alifundisha wanafunzi wa kemia mwaka mzima kama msaidizi wa profesa na alikuwa anakagua ripoti zao, mimi naona hiyo ina uzito kuliko maneno matamu, yeye anasema itaonekana kama anajisifu.

La pili ni kama asubiri. Kuna wanaomwambia afanye kazi mwaka mwingine maabara au kwenye kliniki ili kosa likae mbali zaidi. Lakini alama za MCAT vyuo vingi havizikubali zikishapita miaka miwili mitatu, na kurudia ule mtihani ni zaidi ya dola 300 na siku nzima ya kukaa kwenye kiti, kusoma kwenyewe miezi. Kosa ni la mwaka wa pili, limeshakaa miaka kadhaa bila lingine, hivi haitoshi? Mjomba wake wa Dar nae kaingilia, anasema mleteni huku, MD ni miaka mitano na mwaka mmoja wa mafunzo hospitali, hapo ameshakuwa daktari. Mjomba nampenda ila hajui kwamba akitaka kurudi kufanya kazi huku ni lazima afanye mitihani ya leseni ya udaktari ya huku, USMLE, apate cheti cha ECFMG wanachopewa madaktari waliosoma nje, alafu agombanie nafasi ya mafunzo upya kama mtu aliyesoma nje. Nimemshukuru nikakata simu.

La tatu ndo lenyewe hasa. Mzee amesema akijibu ndiyo hatoi hata senti. Na hizi fomu ni hela jamani, chuo cha kwanza ni kama dola 175 na kila unachoongeza ni arobaini na kitu, kijana ana orodha ya vyuo 20, kwahiyo hapo imeshapita 1,000, alafu vyuo vikikutumia maswali yao ya pili kila kimoja na ada yake, mara nyingi inakaribia dola 100. Hela ya akiba ya nyumbani ipo kwenye akaunti yetu ya pamoja na Mzee anaangalia ile akaunti kwenye simu kila akisimama kuweka mafuta. Mimi nina akaunti yangu ndogo ya mchezo wa kina mama, zamu yangu ya kupokea ni mwezi wa tano, na nikichukua shifti za wikiendi inatosha.

Nimlipie kimya kimya? Dada yangu anasema lipa, wanaume watakuja kwenye picha siku ya kuvalishwa koti jeupe la udaktari. Lakini Mzee sio mtu mbaya Anti. Ameendesha hilo lori kwenye theluji miaka yote hii akisema mwanangu asije akashika usukani, na nahisi hasira yake ni woga tu, anaogopa mtoto akataliwe kila mahali kwa kitu ambacho yeye haoni kama ni kosa. Na mtoto mwenyewe amesema hataki hela ya kificho, amesema mama mimi naandika ndiyo kwenye fomu alafu wewe unamficha baba, hapo tumefanya nini? Kanishika pabaya. Ila asipolipiwa na mimi hela yake ya kazini inatosha vyuo sita au saba tu, na kwa mtu mwenye doa vyuo saba nahisi ni vichache mno.

Nimefikiria pia kumwita mzee wa kanisa aongee nae, lakini hapo si ndo nitakuwa nimetangaza siri ya mtoto kwa watu wanaomwita dokta? Au nimpeleke Mzee kwa yule mshauri wa chuo asikie mwenyewe kwa masikio yake? Kijana anasema mshauri atakubali kukutana kwa video. Mzee kwa ujeuri wake sijui kama atakaa.

Fomu zinafunguliwa mwanzoni mwa mwezi wa tano na zinaanza kupokelewa mwishoni mwa mwezi huo huo, na vyuo vingi vinasoma kadri zinavyoingia, kwahiyo kuchelewa nako ni kujipunguzia. Naombeni majibu kabla ya hapo. Na kama kuna mzazi ambae mtoto wake aliingia udaktari akiwa na kesi ya aina hii, aniambie tu mtoto aliiandikaje na kwenye intavyuu walimuuliza nini, majina ya vyuo sihitaji.

Mama wa kijana, Maryland