Kabla hujajaza fomu ya udaktari

Dar es Salaam

Mchungaji mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Nimefurahi kusikia umeamua kusoma udaktari wa uongozi wa Kikristo, ule wa mabadiliko ya mji na taasisi. Nakuandikia kwa kirefu kwa sababu mambo mengi yanayowakwamisha watu katika masomo haya huwa yameshaamuliwa kabla ya muhula wa kwanza.

Ujue kwanza unaomba nini. Shahada hiyo ni Udaktari wa Huduma (Doctor of Ministry), si PhD. PhD inadai uongeze jambo jipya katika taaluma. Huu unadai uchukue tatizo halisi la mahali unapotumika, ulichunguze, ujaribu badiliko, uandike kilichotokea. Vyuo vya Marekani na Kanada vyenye ithibati ya ATS, yaani umoja wa vyuo vya teolojia vya huko, hutaka krediti zisizopungua 30, na kwa kawaida mtu humaliza kati ya miaka mitatu na sita huku akiendelea na kazi. Kama shabaha yako ni kufundisha chuo kikuu, tafuta PhD. Na chuo kikiwa cha nje, hasa cha mtandaoni, waulize TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kama shahada hiyo inatambulika kabla hujalipa hata senti ya ada.

Sasa swali la utafiti. "Nafasi ya kanisa katika maendeleo ya Dar es Salaam" ni kichwa cha semina, hakitafitiki. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa huu. Huwezi kuubeba wote. Shuka mpaka kwenye jumuiya zako, vile vikundi vya waumini vya mtaani, hapo Mbagala. Kwa mfano: kwa nini wapangaji wanajaa ibadani lakini hawaonekani kwenye uongozi wa jumuiya? Swali dogo hilo, na mji mzima umo ndani yake. Kodi inadaiwa ya miezi sita kwa mkupuo. Kijana ikimshinda anahamia Chanika, pembezoni mwa mji, wakati kiongozi wa jumuiya anachaguliwa kwa miaka. Halafu angalia kikao kinakaa wapi: barazani kwa mwenye nyumba, na mwenyekiti ni yeye mwenyewe. Mpangaji gani atampinga mbele za watu mtu anayemdai kodi?

Ronald Heifetz wa Harvard, mwalimu wa uongozi, hutenganisha tatizo la kiufundi na lile linalodai watu wenyewe wabadilike. Kuhamisha kikao kutoka Jumamosi alfajiri kwenda Jumapili jioni ni la kiufundi: unatangaza, limekwisha. Kumkabidhi mpangaji daftari la sadaka ni jambo jingine kabisa, maana kuna mzee anayepoteza heshima aliyoizoea. Miradi mingi hukwama hapo. Mchungaji anatoa waraka na kuitisha semina, watu wanaitikia "Amina", na daftari linabaki lilipokuwa.

Katika kukusanya taarifa, hatari kubwa ni wewe mwenyewe. Muumini hawezi kumwambia mchungaji wake kwamba mzee wa kanisa anamnyanyasa. Tafuta mwinjilisti wa usharika mwingine aongoze mahojiano. Vikundi viwe vya watu sita hadi wanane, wenye nyumba mbali na wapangaji, na wanawake wapangaji wawe na kikundi chao. Saa moja na nusu inatosha. Mahojiano ya mtu mmoja mmoja, anza na 12, uendelee mpaka majibu yaanze kujirudia. Saa moja ya sauti hula saa nne hadi sita kuiandika, kwa hiyo kazi hiyo ipangie wiki, siku mbili hazitoshi. Chambua kwa Kiswahili chenyewe, na utafsiri yale maneno tu utakayonukuu kwenye tasnifu. Ukitafsiri mapema, mafumbo ya watu yanapotea, na humo ndimo walimoficha malalamiko yao. Ridhaa iwe ya maandishi, majina uyaondoe: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu na wewe.

Badiliko lenyewe lijaribu katika jumuiya tatu kwa miezi sita, si usharika mzima. Kabla na baada, hesabu yanayohesabika: nani anaongea kikaoni, nani anashika daftari, wangapi wamehama. Omba kibali cha dayosisi kwa barua, na uunde kamati ya watu watano wanaoielewa kazi kama wewe. Uhamisho ukija katikati na kibali kilikuwa cha mdomo tu, kazi yote imeishia hapo.

Sura ya teolojia usiipachike mwishoni kama pambo. Wengi hukimbilia Nehemia kwa ajili ya ukuta. Soma sura ya 2, alivyozunguka usiku kuukagua kabla ya kuwaambia wakuu lolote. Huo ni utafiti. Kisha kaa sana na sura ya 5: ukuta unajengwa, na watu wameweka rehani mashamba na nyumba zao kwa ndugu zao wenyewe. Nehemia alilikabili deni hilo hadharani, ukuta ukiwa bado haujaisha. Hiyo ndiyo Mbagala yako.

Swali lako liandike kwa sentensi moja, unitumie kabla hujajaza fomu yoyote. Nitalisoma na kukujibu wiki hiyohiyo. Msalimie mama mchungaji na watoto.

Rafiki yako katika Kristo