Ukuta wa mawe na chokaa usipigwe saruji

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme na wote wanaomiliki, wanaotunza au wanaopewa zabuni ya kukarabati majengo ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki. Ukuta uliojengwa kwa mawe na chokaa usipigwe plasta ya saruji. Hilo ndilo neno langu, na yanayofuata ni sababu zake.

Mimi si mhandisi wala mkandarasi. Ninapenda majengo tu, na mapenzi hayo yamenifanya mgeni msumbufu: mwenyeji anahangaika kunitafutia kiti, mimi macho yako darini nahesabu boriti. Boriti hizo za mikoko ndizo zilizopanga upana wa vyumba vya zamani, kwa kuwa mkoko haukubali kubeba sakafu nzito ya mawe na chokaa katika nafasi inayozidi sana mita 2.5 hadi 3. Ndiyo maana nyumba kongwe za Lamu zina vyumba virefu na vyembamba, nami naamini ndiyo maana mafundi wake wakaupamba ukuta wa ndani kwa zidaka, vile vishubaka vya nakshi vya ukutani, ili jicho lisione ufinyu. Ningeweza kujaza ukurasa wako wote kwa zidaka, lakini nirudi kwenye saruji.

Saruji ya Portland, hii hii tunayoinunua kwa mifuko, ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824. Husuni Kubwa, kasri la kale la Kilwa Kisiwani, ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ikiwa na vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane. Mafundi wake walitumia mawe ya matumbawe na chokaa. Msikiti Mkuu, ulio kisiwani humo humo, ni mkongwe zaidi. Kuta hizo zimepigwa na masika kwa mamia ya miaka, na walioziinua hawakuwahi kuuona mfuko wa saruji.

Ukuta wa chokaa unapumua. Maji hupanda kutoka ardhini kupitia vitundu vya mawe, na chokaa huyaachia yatoke taratibu yakiwa mvuke. Ukiuziba kwa saruji, maji hayaondoki. Hupanda juu zaidi kutafuta upenyo, mpaka yafike kwenye vichwa vya boriti vilivyozama ukutani, na hapo dari huanza kuoza mahali asipopaona mtu. Chumvi nayo, ambayo pwani haikosekani, hujikusanya nyuma ya plasta na kuisukuma mpaka ibanduke. Kisha kuna suala la ugumu. Chokaa ni laini kuliko jiwe, hivyo nyumba ikititia kidogo ufa hupita kwenye chokaa, fundi akauziba, maisha yakaendelea. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe, kwa hiyo kinachopasuka ni jiwe lenyewe.

Kuna jengo moja nalifahamu vizuri, sitalitaja. Lilipigwa saruji, likapakwa rangi ya mafuta, utepe ukakatwa. Siku ile lilipendeza kweli, siwezi kukana. Leo, kimo cha goti kutoka sakafuni, rangi imetoka malengelenge. Ukigonga kwa kifundo cha kidole unasikia mlio wa kitu kitupu. Ukibandua ganda, nyuma yake kuna unga mweupe, na ukiulamba (nimeulamba) ni chumvi tupu. Jiwe lililo nyuma ya unga huo linachimbika kwa ukucha. Majuzi mafundi wamekuja kupaziba tena, na walichokuja nacho ni saruji.

Nawaelewa wakandarasi. Saruji inauzwa kila kona, inashika upesi, na mkataba una tarehe ya mwisho. Chokaa ina taratibu zake: ichomwe, izimwe kwa maji, ilazwe wiki kadhaa ikiwa mbichi, ipigwe kwa tabaka nyembamba, na kila tabaka lingojewe. Ukuta nao ufunikwe magunia yaliyoloweshwa ili jua lisiukaushe haraka, maana chokaa haiwi ngumu kwa kukauka tu, bali kwa kunyonya hewa ya ukaa polepole. Mafundi wanaojua haya wengi ni wazee, na vijana hawawezi kujifunza kazi ambayo hakuna anayewaitia.

Tatizo jingine ni kwamba tunauona ukarabati kama jambo la kufanya mara moja na kusahau. Kule Djenné, Mali, wenyeji huukandika upya kila mwaka msikiti wao mkuu wa udongo, na jengo hilo lililojengwa upya mwaka 1907 linasimama mpaka leo. Kwetu, sehemu ya Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jumba la mwaka 1883, ilipoporomoka Desemba 25, 2020 na kuua watu wawili, kila mtu alizungumzia majengo ya kale. Malengelenge ya kimo cha goti hayaandikwi gazetini.

Wanaojenga nyumba mpya wasinielewe vibaya. Kwenye zege na matofali ya saruji, saruji iko kwao.

Ombi langu kwa wanaoandaa zabuni ni kwamba neno chokaa liandikwe kwenye masharti, pamoja na muda wa kuilaza na kuingojea, ili mkandarasi anayeifuata asihesabiwe kuwa amechelewa. Mkaguzi naye augonge ukuta kabla ya kusaini, asiishie kupiga picha. Na wewe mwenye nyumba ya urithi ambayo tayari imeshapigwa saruji, usikimbilie nyundo, kwa sababu plasta iliyong'ang'ania inaweza kubanduka na jiwe. Anza na sehemu ya chini, pale panapolia utupu, uiondoe kwa patasi taratibu, uache ukuta ukauke kiangazi kizima, ndipo umwite fundi wa chokaa.

Mpenzi wa majengo ya kale