Shahawa zina E. coli na mbegu hazisongi: dawa ipi, kwa muda gani?

Daktari, salamu.

Nafanya kazi maabara, na swali langu linahusu majibu ya mwanamume wa miaka 34. Yeye na mkewe, mwenye miaka 36, wametafuta mtoto kwa mwaka mmoja na nusu bila mafanikio. Mume hana maumivu, mkojo unatoka vizuri. Mke amechunguzwa, hakukutwa na tatizo.

Sampuli ya kwanza naiweka kando: iliota bakteria wa aina tatu, na mara nyingi huo ni uchafu wa ngozi au wa mrija wa mkojo. Ya pili ilichukuliwa kwa utaratibu. Siku tatu bila kumwaga; akakojoa, akanawa mikono na uume kwa sabuni, akasuuza na kujikausha vizuri (sabuni ikibaki inaua mbegu), akatolea kwenye chombo tasa, ikafika ndani ya nusu saa. Ujazo mililita 2.6, mbegu milioni 24 kwa mililita. Zinazosonga mbele ni asilimia 17 tu, wakati kiwango cha chini kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 ni asilimia 30. Ikaota E. coli (bakteria wa kawaida wa utumbo) peke yake, takriban 100,000 kwa mililita. Seli za duara zilikuwa nyingi, tukazipima kwa rangi ya peroksidesi ili tusichanganye chembe nyeupe za damu na mbegu ambazo hazijakomaa. Chembe nyeupe zilikuwa milioni 2.1 kwa mililita. Kuanzia milioni 1 tunahesabu kuwa nyingi. Kisonono na klamidia havikuonekana kwenye kipimo cha vinasaba cha mkojo wa mwanzo, na hilo lilihitaji kipimo chake kwa sababu klamidia haioti kabisa kwenye sahani zetu za kawaida.

Chini ya hadubini, mbegu hai zilikuwa zimeshikana vichwa kwa vichwa, mikia inapiga lakini haziendi popote. E. coli ana vinyweleo vinavyonasa sukari zilizo juu ya utando wa mbegu, hivyo anaweza kuzifunga pamoja. Lakini kingamwili (protini za kinga ya mwili) dhidi ya mbegu nazo huzifunga vilevile, na kipimo chake bado hakijafanyika.

Hapa tunabishana. Wapo wanaosema bakteria ndiye mkosaji, apigwe dawa basi. Wengine, nami nimo, tunaona kuwa majaribio ya maabara yanayoonyesha E. coli akizilemaza mbegu kwa kawaida hutumia bakteria mamilioni kwa mililita, tena wakikaa nazo kwa saa kadhaa. Huyu hajafika huko. Wanaoumiza zaidi huenda ni askari waliokuja kumfukuza: chembe nyeupe humwaga oksijeni kali, na mbegu haina kinga ya maana, maana saitoplazimu yake (ute wa ndani ya seli) ni kidogo mno na vimeng'enya vya kujilinda ni haba. Utando wake umejaa mafuta yanayoharibiwa upesi na oksijeni hiyo. Ukiharibika, mkia unaishiwa nguvu. DNA nayo inaweza kukatika, na hesabu ya kawaida ya mbegu haitakuonyesha.

Kinachotukwamisha zaidi ni dawa. Bakteria huyu ni sugu kwa antibiotiki ya siprofloksasini. Anasikia, yaani anadhibitiwa na, nitrofurantoini na kotrimoksazoli. Nitrofurantoini inafaa kwenye kibofu lakini haipenyi tezi dume vya kutosha, kwa hiyo sioni sababu ya kuiandika hata kama karatasi inasema anaisikia. Inabaki kotrimoksazoli. Je, apewe siku 14, au wiki nne kana kwamba tezi dume imeambukizwa? Na kabla ya kumeza chochote, tumpime kwanza mkojo wa kabla na wa baada ya kukandwa tezi dume, tujue bakteria anakaa wapi, au shahawa zinatosha?

Baada ya dawa tunakusudia kuotesha tena wiki mbili baadaye, na kuhesabu mbegu baada ya miezi mitatu, kwa kuwa mbegu hutengenezwa kwa takriban siku 74 na kukomaa wiki moja hadi mbili zaidi. Lakini ushahidi kwamba kuondoa bakteria huongeza mimba ni dhaifu, na umri wa mke unakwenda. Ungewashauri wasubiri miezi hiyo yote, au waanze mapema kuzungumzia upandikizaji wa mimba wakati mume bado yuko kwenye dawa?

Msomaji wako wa maabara