Kwa mdogo wangu wa kidato cha nne: yale majibu ya uongo hayawekwi ovyo

Mdogo wangu,

Umesema topiki za Kemia unazijua, ila maswali ya kuchagua ndiyo yanakuangusha. Nakuamini. Mtunzi hutafuta makosa ambayo wanafunzi wengi hufanya, anayakokotoa hadi mwisho, kisha anayaweka kama machaguo. Ukikosea, unakuta jibu lako linakungoja pale pale, na unadhani umepata. Kwa hiyo funika machaguo kwa mkono, kokotoa, ndipo ufunue.

Chukua hili. Gramu 6 za magnesiamu zinatiwa kwenye cm³ 100 za asidi hidrokloriki ya 2 M (moli 2 kwa kila dm³; moli ni kipimo cha kiasi cha kemikali). Haidrojeni itatoka dm³ ngapi kwa STP (joto na kanieneo sanifu)? A 5.6, B 4.48, C 2.24, D 2.4.

Andika mlinganyo kwanza: Mg + 2HCl → MgCl₂ + H₂. Magnesiamu ni 6 ÷ 24 (gramu za moli moja), moli 0.25. Asidi ni 0.1 × 2, moli 0.2. Magnesiamu yote ingehitaji asidi moli 0.5, na hapo ipo 0.2 tu. Asidi ndiyo inayoisha, na gramu 3.6 za magnesiamu zinabaki chini ya bika. Haidrojeni ni nusu ya asidi, moli 0.1, zidisha kwa 22.4, dm³ za moli moja ya gesi kwa STP, unapata 2.24. Ni C.

Sasa tazama wenzako wanapopotelea. Wa A kaanza na magnesiamu kwa sababu imetajwa kwanza. Asiyegeuza cm³ kuwa dm³ naye huangukia A hiyo hiyo: anapata asidi moli 200, basi magnesiamu inaonekana ndiyo inayoisha. Wa B kaisahau ile 2 mbele ya HCl. Wa D katumia 24, ujazo wa moli moja ya gesi kwa joto la chumba, badala ya 22.4.

Kwenye elektrolisisi (kuchanganua kemikali kwa umeme) mtego huwa ni neno moja, nalo lipigie mstari. Maji ya chumvi yakiwa "concentrated" (makali), anodi ya kaboni, yaani elektrodi chanya, inatoa klorini. Yakiwa "very dilute" (hafifu sana), inatoa oksijeni. Kathodi ya kaboni, elektrodi hasi, inatoa haidrojeni mara zote mbili, kwa hiyo chaguo lenye sodiamu likate mapema. Kopa salfeti ndiyo inayoumiza zaidi: kwa elektrodi za kaboni bluu inafifia, lakini kwa elektrodi za shaba bluu inabaki vile vile, maana shaba inayotoka kwenye anodi ni sawa na inayoganda kwenye kathodi.

Ukiona NOT au EXCEPT, andika K au S (kweli, si kweli) kando ya kila herufi. Anayekimbilia sentensi ya kwanza iliyo kweli ameshakosa.

Nitumie yale kumi uliyokosa kwenye mock, na kando ya kila chaguo la uongo uandike kosa lililolizaa. Lile litakalokushinda kulijua, tutaanza nalo.