Turudishieni hesabu za kichwa

Mhariri,

Nilifundisha Hisabati darasa la sita na la saba kwa miaka 22 hapa Tanga. Kila Ijumaa tulishindanisha mikondo kwa mdomo, bila kalamu. Siku moja niliuliza: 25 mara 16? Binti mmoja alisimama, macho darini, vidole vikigonga dawati. "Ishirini na tano nne ni mia moja. Kwenye kumi na sita, nne ziko nne. Mia nne, mwalimu!"

Njia yake ilinifurahisha kuliko jibu. Karatasi ya kuchagua herufi isingenionyesha njia hiyo.

Siku hizi, shuleni kwa wajukuu wangu, kipindi hicho kimemezwa na mitihani ya majaribio. Walimu wakuu, nawaomba nusu saa tu ya Ijumaa. Na mtoto anayefikiri polepole asubiriwe, asizomewe.

Mwalimu mstaafu,
Tanga