Ulizeni maiti iko wapi: barua kwa vijana wanaolinganisha mashairi ya vita

Wajukuu zangu,

Insha mlizoniletea nimezisoma zote, nyingine mara mbili. Karibu kila moja inafunguliwa na sentensi ileile: "Mashairi yote mawili yanaonyesha huzuni ya vita." Ni kweli, lakini ni sawa na mtu kurudi kutoka msibani akasema watu walikuwa wanalia. Nani alikuwa analia? Nani alikaa pembeni asitoe hata chozi? Hayo hamkuniambia. Mmekimbilia kuhesabu: tashbihi mbili, sitiari moja, tashihisi, basi, kalamu chini.

Katika miaka yote niliyofundisha ushairi, swali nililolitegemea kwa mashairi ya aina hii ni moja, na linatisha kidogo: maiti iko wapi? Iko mbele ya nafsineni, yaani yule anayesema ndani ya shairi, iko mbali, au haijulikani ilipo?

Liulizeni shairi la Wilfred Owen, askari Mwingereza wa Vita Vikuu vya Kwanza, "Anthem for Doomed Youth", la mwaka 1917. Lina mishororo 14. Minane ya kwanza imejaa kelele za mizinga, bunduki na makombora yanayolia kama kwaya iliyorukwa na akili. Sita ya mwisho imetulia: nyuso za wasichana zimepauka, na kila machweo mapazia yanashushwa. Wengi wenu mmeishia kwenye kelele. Mimi ningekaa kwenye mapazia. Katika vita vile Uingereza ilizuia maiti za askari wake zisirudishwe kwao, na kushusha mapazia ilikuwa ishara kwamba nyumba hiyo imefiwa. Hapa pazia limeshushwa, jeneza hakuna. Tena mshairi hasemi jioni ile. Anasema kila jioni.

Sasa likabilisheni na "Futility", la Owen huyohuyo, la mwaka 1918. Huku maiti ipo, imelala mbele ya wenzake, na mmoja anaagiza isogezwe juani. Basi. Jua lilikuwa likimwamsha huyu kijana kule kwao, wakati wa kupanda, na hata Ufaransa lilimwamsha, hadi asubuhi hii. Anayeagiza anajua kwamba haitasaidia. Ubeti wa pili unageuka hasira: kama mwisho wenyewe ni huu, jua lilijisumbua nini kuiamsha dunia?

Zaidi ya miaka 1,200 kabla ya Owen, mshairi wa Kiarabu al-Khansa, aliyeuona ujio wa Uislamu, alimlilia ndugu yake Sakhr aliyekufa kwa jeraha la vita vya makabila. Naye alilishika jua: likichomoza linamkumbusha Sakhr, na kila likizama anamkumbuka. Jua ni lilelile, lakini kwake halina kosa lolote. Ni saa ya kumbukumbu tu, na haisimami.

Sikilizeni na vina, maana ninyi ni watu wa vina. Shairi la al-Khansa linakwenda na kina kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Huzuni imepata mahali pa kukaa. Owen anavivunja vyake kwa makusudi. "Sun" analiweka pamoja na "sown", "seeds" pamoja na "sides": konsonanti zinapatana, irabu zinakataa. Ni kana kwamba malenga amemaliza mshororo mmoja kwa "pata" na mwenzake kwa "pete". Sikio linangoja utulivu, halipewi. Mkinieleza hilo kwa maneno yenu wenyewe, tashbihi nitawasamehe.

Jambo moja linanikera. Wengi mmeandika kwamba Owen aliuawa tarehe 4 Novemba 1918, na kwamba simu ya maandishi yenye tanzia iliwafikia wazazi wake tarehe 11, siku vita viliposimama. Ni kweli, na inaumiza. Lakini haimo ndani ya shairi. Kifo cha mshairi kisiwafanyie kazi ambayo mishororo yake haijaifanya.

Kuna maiti zinazotumwa kazi. Katika "The Soldier" la Rupert Brooke, askari anajizika mwenyewe kabla hajafa, na kaburi lake la ugenini linageuka kipande cha Uingereza. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba shairi hili ni uongo mtupu. Siku hizi nasema pole pole: ni kijana anayejiaga, akiomba kifo chake kiwe na thamani. John McCrae ndiye aliyenisumbua zaidi. Mwaka 1915 alimzika rafiki yake karibu na Ypres, Ubelgiji, akaandika "In Flanders Fields", ambamo wafu wenyewe wanasema. Beti mbili za kwanza ni msiba. Ya tatu ni amri: shikeni mwenge, endeleeni kupigana. Msikwepe mshono huo kwenye insha. Uoneni, mseme unawafanya mjisikieje.

Mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling aliomba kwa wakubwa mwanawe John aingizwe jeshini ingawa macho yake yalikuwa mabovu. Kijana alipotea vitani Loos, Ufaransa, mwaka 1915, na baba alikufa bila kulijua kaburi. "My Boy Jack" la 1916 ni maswali ya mzazi, na majibu yanataja upepo na maji. Jack wa shairi ni mtu wa baharini, kwa hiyo msiseme moja kwa moja kwamba ni John. Faraja inayotolewa mwishoni, kwamba mtoto hakuwaaibisha wenzake, mimi nasikia mtu anayejibembeleza. Baadaye Kipling aliandika mishororo miwili ambamo wafu wanasema walikufa kwa sababu baba zao walidanganya.

Kwa insha ijayo someni kitabu cha mwisho cha Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer kuhusu vita vya Troy. Mzee Priam, mfalme wa Troy, anaingia usiku kambini kwa adui kuomba maiti ya mwanawe, anaibusu mikono ya Achilles iliyowaua watoto wake. Kisha wote wawili wanalia hemani. Priam anamlilia Hector. Achilles anamlilia baba yake aliye mbali, mara anamlilia rafiki yake Patroclus. Kilio kimoja, na hakuna anayemlilia wa mwenzake. Nileteeni kurasa mbili juu ya kilio hicho, na neno "huzuni" lisionekane hata mara moja.

Babu yenu,
mwalimu mstaafu